Canon 50mm f/1.8 STM kwenye harusi ndogo ya Tanga: inapofaa na inapokwama

Mtu akikuomba umpigie picha za ndoa ya nyumbani, wageni hamsini au sitini, nikahi sebuleni na pilau uani, na mkononi una Canon ya kuanzia kama EOS 700D yenye lenzi yake ya 18-55mm, usikimbilie kubadilisha kamera. Ongeza lenzi ya EF 50mm f/1.8 STM. Kwa nikahi, kwa uso wa bibi harusi, kwa hina na kwa mikono ya wazee, sijui kifaa kingine cha bei ya chini kinachobadilisha picha kiasi hicho. Lakini isiende peke yake. Ndani ya nyumba ya Ngamiani, mtaa wa Tanga mjini, lenzi hii haiwezi picha ya ukoo, na aliyeiacha 18-55 nyumbani atagota mgongo ukutani huku nusu ya mashangazi wako nje ya picha.

Canon walitoa toleo hili mwaka 2015 kuchukua nafasi ya 50mm f/1.8 II iliyokuwepo tangu 1990. Lina uzito wa kama gramu 160, linachukua filta ya mm 49, na sehemu ya kuungia kwenye kamera ni ya chuma, wakati ile ya zamani ilikuwa plastiki. Tundu lake la kupitisha mwanga linafungwa kwa vipande 7 vyenye ukingo wa mviringo badala ya 5, kwa hiyo vitaa vya mapambo vilivyofifia nyuma ya maharusi hutoka duara, si pembetano. Linakaribia hadi sm 35 kutoka kwenye kitu. La zamani liliishia sm 45. Halina mfumo wa kutuliza mtikisiko, jambo la kukumbuka mikono ikichoka.

Faida yake kubwa ni mwanga. Lenzi ya 18-55 ukiivuta mpaka 55 inafunguka f/5.6 tu, hii inafunguka f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), na tofauti hiyo ni karibu mara kumi ya mwanga. Chukua sebule ya jioni yenye taa moja ya darini. Kwa 50mm utapiga f/2, kasi ya shata (pazia la kamera) 1/125 ya sekunde, ISO 1600 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga), na sura zitatoka safi. Kwa 18-55 iliyovutwa, kwa kasi hiyohiyo, utahitaji ISO 12800, ambayo ndiyo mwisho wa kiwango cha kawaida cha 700D. Hapo chengachenga zinameza tarizi ya kanzu, mistari myembamba ya piko inaungana na ngozi, na nyuso za watu weusi, ambazo uzuri wake uko kwenye tofauti ndogondogo za kivuli, zinakuwa bapa. Unaweza kusema utawasha flashi. Shehe anapoozesha, flashi usoni mwake kila sekunde tatu ni utovu wa adabu, na wengine watakusimamisha.

Sasa umbali, maana hapa ndipo wengi wanaponunua lenzi hii na kuilaani wiki inayofuata. Sensa ya 700D ni ndogo kuliko fremu ya filamu ya mm 35, kwa hiyo 50mm juu yake inaona kama 80mm. Kariri hivi: upana unaoingia kwenye picha ya kulala ni chini kidogo ya nusu ya umbali uliosimama. Ukiwa mita 2 unapata sm 90. Ukiwa mita 3.5 unapata mita moja na nusu. Watu kumi wakisimama bega kwa bega wanachukua kama mita 5, na ili waingie wote unahitaji kurudi nyuma mita 11. Pima sebule ya mwenye harusi kwa hatua siku moja kabla, utajua mapema picha gani haiwezekani.

Nyumba ya Kiswahili ina korido katikati, vyumba kushoto na kulia, uani nyuma. Chumba cha mita 3.5, ukitoa kitanda na kabati, kinakuachia nafasi ya mita 2.5, yaani upana wa mita 1.1 kwenye picha. Hiyo inatosha uso na mabega, au watu wawili nusu mwili waliosogeana. Bibi harusi mzima, kutoka shela hadi pindo la gauni, anahitaji mita 4.5 na kamera ikiwa wima. Chumbani nafasi hiyo haipo, koridoni ipo. Msimamishe hatua mbili ndani ya mlango, uso ukitazama nje, wewe ukae nje ya mlango. Mwanga wa mchana unampiga usoni ukiwa laini kwa sababu hauji moja kwa moja kutoka kwenye jua, na korido nyuma yake inabaki giza, shela inajitenga yenyewe bila mapambo yoyote. Tumia f/2.8, 1/200, na ISO ianzie 400. Mlango wenyewe uchague kwa busara. Barazani kuna wanaume na barabarani watu wanapita. Familia nyingi hazitaki bibi harusi aonekane kabla ya wakati wake. Mlango wa uani unafanya kazi hiyohiyo, na huko ni stara.

Nikahi yenyewe ndiyo sababu ya kuwa na lenzi hii. Maneno ya kuozesha na ya kukubali huchukua sekunde chache tu, na hayarudiwi kwa ajili ya mpiga picha. Kabla watu hawajakaa, mfuate anayeozesha na umwambie kwa upole: "Asalaam aleikum maalim, mimi ndiye mpiga picha. Naomba nikae upande huu wa dirisha, sitawasha flashi wala sitasimama mbele yenu." Ruhusa hiyo inakupa mahali pako, na wazee wakishakuona umeomba, hakuna atakayekuvuta shati. Ikiwa nikahi iko msikitini, muulize imamu kwanza kama picha zinaruhusiwa kabisa, vua viatu, na usipite mbele ya anayeswali hata kama picha ya maisha yako iko upande wa pili.

Kaa chini kama walivyokaa wao. Ukipiga umesimama utapata kofia, si nyuso. Mwenye kuozesha na bwana harusi wanatazamana wakiwa wameshikana mikono, kwa hiyo kaa ubavuni mwao, mita 3.5 hivi, ili nyuso zote mbili na mikono iingie kwenye ule upana wa mita moja na nusu. Weka f/2.8. Kwa umbali huo sehemu iliyo kali ina kina cha kama nusu mita, na nyuso mbili zinaweza kuingia. Ukiacha f/1.8 kina kinashuka hadi sm 33, na mmoja akiegemea mbele kidogo, mwenzake anafifia. Wanaoanza wanapenda kufungua tundu mpaka mwisho kwa sababu ndilo walilolipia; kwenye nikahi, f/2.8 ndiyo inayookoa siku.

Kwa fokasi, usiiachie kamera ichague. 700D ina nukta 9 za kulengea. Chagua moja, iliyo karibu na jicho la bwana harusi, na uiweke hapo. Ukilenga kwa nukta ya katikati kisha ukasogeza kamera kupanga picha, kwa tundu lililo wazi ule msogeo mdogo unatosha kuhamisha ukali kutoka jichoni hadi sikioni. Mwanga ukiwa hafifu, lenzi hii inaweza kwenda mbele na kurudi bila kushika. Haitafuti mwanga tu, inatafuta mpaka kati ya giza na weupe: lenga ukingo wa kofia, mstari wa tarizi shingoni au pindo la mtandio, vyote vikiwa umbali mmoja na uso, na itashika.

Kanzu nyeupe inaidanganya kamera. Kipimo cha mwanga kinataka kila kitu kiwe kijivu, hivyo watu kumi wa kanzu wakijaa kwenye picha, kamera inapunguza mwanga, kanzu zinatoka za majivu na nyuso zinakuwa nyeusi zisizosomeka. Ukiwa kwenye hali ya Av, ambapo wewe unachagua tundu na kamera inachagua shata, ongeza fidia ya mwanga +2/3 hadi +1. Bora zaidi ni M, ambapo vyote unachagua wewe: pima kwenye uso wa mmoja wao, piga moja, tazama histogramu (mchoro wa mwanga, giza kushoto na weupe kulia), hakikisha upande wa kulia haujagota ukutani, basi usiguse tena mpaka mwanga ubadilike. Jihadhari na kitu kimoja kwenye 700D: ukiwa M na ISO ya kujiendesha, ile +1 haifanyi kazi. Piga RAW, yaani faili ghafi ya sensa. Faili moja ni kama MB 24, na itakurudishia tarizi ya kanzu ambayo JPEG imeshaitupa.

Na usibonyeze mfululizo bila mpango. Ukipiga RAW, kamera hii inajaza kumbukumbu yake ya muda baada ya picha kama 6, kisha inasimama ikiandika kwenye kadi. Ukizitumia zote kwenye dibaji ya hotuba, neno "nimekubali" litasemwa huku kitaa chekundu kinawaka na kidole chako kinabonyeza bure. Piga mbilimbili, subiri. Baada ya ijabu na kabuli (kuozesha na kukubali) kuna kutia saini, dua, kukumbatiana, na baba wa bibi harusi, ambaye wakati ule watu wote wamemsahau, mgeukie. Nyuso za wazazi katika dakika tano zile ndizo picha ambazo familia itazirudia miaka ishirini ijayo, na 50mm inazifikia kutoka mbali bila kuwashtua.

Bwana harusi akienda kumpa mkono mkewe, chumba kinajaa. Hapa lenzi inabana: uko mita 1.5 kutoka kwao, upana ni sm 67. Usipigane nayo. Piga mkono wake ukiwa juu ya paji la uso la mkewe anapomwombea dua, piga macho ya bibi harusi, piga vidole vikivalishana pete kama desturi ya familia inayo. Kwa mita 1 na f/1.8 kina cha ukali ni sm 2.7 tu, yaani kope kali na ncha ya pua imefifia. Funga hadi f/3.5. Ukitaka chumba chote, na kungwi na kitanda kilichotandikwa, hiyo ni kazi ya 18-55 iliyofunguliwa hadi 18, na ndiyo maana inafaa iwe kwenye mkoba wa begani, si ndani ya gari.

Sherehe ya wanawake inahitaji mpiga picha mwanamke. Kama wewe ni mwanamume, panga mapema na mwenzako, na kamera umpe imeshatayarishwa: M, f/2.8, 1/160, ISO ya kujiendesha yenye kikomo cha 6400, nukta moja ya fokasi katikati. Upande huo watu wameweka mitandio pembeni, wamejipamba na wamejiachia. Picha zake zikae kwenye kadi yake, zikabidhiwe kwa wenyewe, na isitoke hata moja kwenda kwenye ukurasa wako wa matangazo. Huduma ya picha Tanga inakua kwa maneno ya midomo ya akina mama, na inakufa kwa njia hiyohiyo.

Hina ni mahali ambapo sm 35 zinaonyesha thamani yake. Kwa ukaribu huo picha ya kulala inachukua kama sm 10.6, ukubwa wa kiganja. Watu wanaifungua f/1.8 na kupata ua moja lililo kali na mkono uliobaki ukiwa moshi, kwa sababu kina cha ukali hapo hakifiki mm 2. Funga hadi f/8 upate kama mm 8, laza kiganja kiwe sambamba na lenzi, peleka mkono dirishani chini ya pazia la neti, na mwanga utoke ubavuni ili mistari ya piko iwe na ukingo. Mkono ukiwa bado na ute mbichi wa hina, subiri. Inang'aa na kuonekana kama tope.

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo tyubu na balbu za LED za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, shata inaona: ukipiga 1/250 chini ya taa hizo, picha moja inatoka ya manjano, inayofuata kijani, nyingine ina mkanda wa giza. Shusha hadi 1/100, mpepeso mmoja kamili uingie ndani ya kila picha, na tatizo linapungua sana. 1/100 inatosha watu waliokaa, na kwa 50mm kwenye sensa hii ni kiasi cha mikono iliyotulia. Kwa kucheza haitoshi. Hapo nenda 1/200 na uvumilie mikanda michache. Taa za rangi za DJ ni shida nyingine. Zambarau na bluu kali zinafuta ngozi kabisa, na hakuna programu itakayoirudisha, kwa kuwa rangi nyingine za ngozi hazikuingia kwenye sensa tangu mwanzo. Mwombe anayezisimamia aache taa nyeupe iwake kwa dakika kumi za keki na kulishana. Wengi wanakubali wakiombwa kabla ya shughuli. Katikati ya muziki hawakusikii.

Nje ya nyumba lenzi hii inafurahisha, mradi saa iwe sahihi. Jua la Tanga mchana liko juu ya utosi, na mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba linapita wima kabisa. Macho yanageuka mashimo, na kofia inatia kivuli hadi mdomoni. Halizami kwa saa tofauti sana mwaka mzima: kati ya saa 12:15 na saa 12:50 jioni hivi. Giza halichelewi, kama dakika ishirini tu baada ya hapo. Nikahi ya baada ya alasiri ikimalizika saa 11, una saa moja na ushei, na bajaji kutoka Ngamiani hadi Raskazone, ufukweni, isile nusu yake. Jua letu linazama upande wa Usambara, si baharini. Ukiweka bahari nyuma ya maharusi, mwanga wa jioni utawapiga usoni au shavuni na watakunja macho. Subiri jua lishuke nyuma ya miti, au wageuze, mgongo kwenye jua, na uongeze +1. Kuta nene za Boma la zamani la Wajerumani, ambalo sasa ni makumbusho ya Urithi, zina kivuli kizuri hata saa 10, ila ombeni ruhusa kwanza.

Kwenye jua kali f/1.8 haitumiki. Kamera inaishia 1/4000, na hata ISO 100 picha itaungua. Nenda f/4, 1/2000. Kivulini f/2.8 na 1/500 kwa ISO 100 inatoa kanzu safi na minazi ya nyuma iliyolainika.

Kasoro zake zijulikane. Kwa f/1.8 kingo za kitu cheupe mbele ya anga, au tarizi ya fedha chini ya taa, zinaota mstari wa zambarau na kijani, ukifika f/2.8 inapungua sana, na kwa f/4 hadi f/5.6 ndipo lenzi inapokuwa kali kuliko kote. Jua likiingia kwenye kioo moja kwa moja, picha inapauka. Kikinga mwanga cha ES-68 kinasaidia, na kwa kawaida kinauzwa peke yake. Mota ya STM, inayosogeza vioo wakati wa kulenga, si ya kimya kabisa, mnong'ono wake unaingia kwenye video ukitegemea maikrofoni ya kamera. Sehemu ya mbele inatoka nje unapolenga karibu, na kwa kuwa pete ya fokasi inaendeshwa kwa umeme, ukizima kamera ikiwa imetoka haiwezi kurudi kwa kuzungushwa. Kugongwa mara moja na mkoba wa mgeni kunaweza kuharibu utaratibu wa ndani. Lenga kitu cha mbali, ijirudishe, ndipo uzime.

Kisha picha ya ukoo, ambayo bila hiyo malipo ya mwisho huwa na maneno. Toa 50mm, weka 18-55. Ukisimama mita 3.5 na lenzi ikiwa 24, unapata upana wa mita 3.2: watu sita wamekaa, saba au wanane wamesimama nyuma. Usikimbilie 18 kama nafasi ipo, maana wa pembeni wanavutika na shangazi mnene hatakusamehe. f/5.6, ISO 400, na flashi ndogo ya kamera, yenye namba ya nguvu 13, inafika mita 4.6. Inaacha kivuli kikali, basi watoe watu ukutani angalau mita moja. Flashi ya juu kama Godox TT685, ya betri nne za AA, ni bora zaidi ikigeuzwa darini, lakini angalia dari kwanza. Mahali penye mabati na boriti mwanga unapotelea juu. Na ukuta wa kijani unaipaka familia nzima kijani. Tafuta ukuta mweupe ubavuni. Ukipiga na flashi usizidishe 1/200, la sivyo ukanda mweusi unakata miguu ya waliokaa. Orodha ya makundi ishikwe na mjomba au somo anayewajua watu kwa majina, siyo wewe. Uani, alasiri, ni bora kuliko sebuleni kwa kila hali.

Betri ya LP-E8 hutoa kama picha 440. Kuwa na mbili, zichajiwe jana yake, umeme usikufanye mateka. 700D ina tundu moja la kadi, kwa hiyo tumia kadi mbili za GB 32 na ubadilishe mara tu nikahi inapokwisha. Kadi ikifa, isife na harusi yote. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye hewa ya pwani, kioo kinapata umande papo hapo. Funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki kabla ya kutoka na uipe robo saa.

Mbadala upo. EF-S 24mm f/2.8 STM ina gramu 125 na inaona upana mara mbili wa hii. Kwa anayejua shughuli yote iko ndani ya vyumba vidogo, ningemwambia aifikirie kwa uzito, akikubali kupoteza zaidi ya nusu ya mwanga. Mwenye kamera za Canon za EOS R, ambazo hazipokei lenzi za EF bila adapta, atafute RF 50mm f/1.8 ya mwaka 2020 badala ya kuhangaika na adapta. Wa Nikon za kuanzia achukue 50mm ya AF-S, si AF-D, kwa sababu kamera hizo hazina mota ya kuendesha fokasi ya AF-D.

Ukinunua iliyotumika, na pwani nyingi ni hizo, nenda na kamera yako na tochi ya simu. Soma maandishi ya mbele: yawe na STM, na umbali wa chini uwe 0.35m. Iwashe, lenga karibu kisha mbali, sikiliza kama inakwaruza. Laza futi ya kupimia mezani kwa mshazari, lenga alama ya sm 30 kutoka mita moja na nusu kwa f/1.8, piga mara tano ukiikuza kwenye kioo: ukali ukianguka kila mara sm kadhaa mbele au nyuma, iache, kwa kuwa 700D haina menyu ya kusahihisha hilo. Mwisho ivue kwenye kamera, imulike tochi kutoka upande wa pili. Chembe mbili tatu za vumbi hazina neno. Nyuzi nyeupe zinazotambaa kutoka ukingoni kwenda katikati ni kuvu ya unyevu wa bahari, na hiyo mrudishie mwenyewe hata akipunguza bei nusu.